Usanjari, Mfungamano na Sababu: Istilahi za Takwimu za Uchumi

Utangulizi

Kiswahili kimekwisha kuzoea kuzungumza habari za uchumi. Hotuba ya bajeti husomwa kwa Kiswahili katika Bunge la Tanzania, na maneno kama pato la taifa, mfumuko wa bei, urari wa biashara na fahirisi ya bei yameenea hata magazetini. Lakini istilahi hizo aghalabu ni majina ya vitu vinavyopimwa. Tungali na upungufu wa istilahi za kueleza namna vipimo hivyo vinavyoambatana: ni lini tuseme kwamba vitu viwili vinakwenda pamoja tu, ni lini tuseme kwamba vimefungamana, na ni lini tuna haki ya kusema kwamba kimoja kimesababisha kingine.

Upungufu huu si jambo dogo. Mtumishi wa serikali anayepewa ripoti ya utafiti ili aifupishe kwa Kiswahili huweza kukutana na dhana hizo tatu katika ukurasa mmoja. Akiziandika zote kwa neno moja, yaani "uhusiano", mkubwa wake atakayesoma muhtasari ataamini kwamba akigusa kimoja, cha pili kitatikisika. Fedha za umma zitatumika kwa imani hiyo, na matokeo yasipoonekana watalaumiwa wataalamu, ilhali mwenye kosa ni neno.

Katika makala haya tumekusudia kuzieleza dhana hizo kwa kufuata utafiti wa mwanauchumi Clive Granger, kisha kupendekeza istilahi zake. Granger alizaliwa mwaka 1934 mjini Swansea, Wales. Alisoma na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, na mwaka 1974 akahamia Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, Marekani. Mwaka 2003 yeye na Robert Engle walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alifariki mwaka 2009. Tumemchagua kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ni kutenganisha mambo yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa asili; nayo ndiyo kazi ya kila anayeunda istilahi.

Mfuatano wa wakati

Takwimu za uchumi zina sifa moja isiyokuwamo katika takwimu za mavuno ya mashamba mia yaliyopimwa siku moja. Mashamba hayo twaweza kuyaorodhesha tukianzia popote, na hesabu isiharibike. Bei za kila mwezi haziwezi kupangwa upya, maana bei ya mwezi huu imezaliwa kwa kiasi fulani na bei ya mwezi uliopita. Orodha ya vipimo vya kitu kimoja vilivyochukuliwa wakati baada ya wakati ndiyo tunayotaka kuipa jina.

Kiingereza kimeiita orodha hiyo kwa neno ambalo wanahisabati hulitumia wanapotaja jumla ya namba. Lakini orodha ya bei si jumla. Ni namba zinazofuatana. Walimu wa hisabati aghalabu hutumia mfuatano kwa namba zilizopangwa moja baada ya nyingine, na mfululizo kwa jumla yake. Kwa hiyo twapendekeza mfuatano wa wakati. Kiswahili hakilazimiki kurithi hitilafu ya lugha nyingine pale kinapokuwa na maneno mawili yaliyo tayari.

Kiwango na badiliko

Jambo la kwanza ambalo mfasiri hana budi kulitenga ni kiwango na badiliko. Tuseme fahirisi ya bei ilikuwa 100 mwaka wa kwanza, 110 mwaka wa pili, na 115.5 mwaka wa tatu. Fahirisi ni kiwango. Mfumuko wa bei ni badiliko la kiwango hicho kwa asilimia: ulikuwa asilimia 10, kisha ukawa asilimia 5. Ni kweli kusema kwamba mfumuko umepungua kwa nusu. Ni uongo kusema kwamba bei zimepungua, kwani zimepanda miaka yote miwili.

Kila inapotangazwa kwamba mfumuko umeshuka, hawakosekani watu wanaouliza mbona sukari haijashuka. Hapo hakuna aliyedanganya. Mtangazaji amesema habari ya badiliko, na msikilizaji ameelewa habari ya kiwango. Mwandishi mwangalifu ataandika hivi: "Bei zimeendelea kupanda, lakini kwa kasi ndogo kuliko mwaka uliopita." Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, lakini haimwachi msomaji njia panda.

Mfuatano tulivu na mfuatano limbikizi

Tofauti ya kiwango na badiliko yatuongoza kwenye aina mbili za mifuatano. Aina ya kwanza ni ile ambayo hupanda na kushuka lakini haisahau mahali pake. Ikisukumwa mbali na wastani wake, baada ya muda hurejea. Wako wanaoitafsiri sifa hiyo kwa neno tuli. Neno hilo halifai, kwani kitu tuli hakitikisiki kabisa. Twapendekeza tulivu. Bahari tulivu haikosi mawimbi, lakini mawimbi hayo huinuka na kulala juu ya usawa uleule.

Aina ya pili haina makao. Chukua pipa kubwa la maji, na kila siku urushe sarafu. Ikilala upande wa kichwa, mimina kikombe kimoja. Ikilala upande wa pili, chota kikombe kimoja. Kila badiliko ni la bahati tupu, wala badiliko la leo halifuati la jana. Lakini kiwango cha maji hakisahau chochote: kila kikombe kilichomiminwa au kuchotwa kimebaki ndani ya hesabu. Baada ya siku mia kiwango hicho huweza kuwa kimepanda sana au kimeshuka sana, na anayekitazama kwa mbali atadhani yuko mtu mwenye mpango wa kujaza pipa au kulikausha. Mwenendo huu tunauita mwendo wa nasibu, na neno nasibu watu wamekwisha kulizoea katika bahati nasibu.

Mfuatano ambao kiwango chake ni jumla ya mabadiliko yaliyopita una jina la Kiingereza linalotokana na tawi la hisabati la kujumlisha vipande vidogo vidogo. Neno hilohilo katika siasa tumelitafsiri mtangamano, kama vile mtangamano wa Afrika Mashariki. Mfasiri akilichukua hilo na kuandika "mfuatano uliotangamana", msomaji atauliza umetangamana na nani. Sisi twapendekeza mfuatano limbikizi, kutokana na kulimbikiza, yaani kuweka kidogo kidogo hata kikawa kingi.

Dhana hii si ya darasani tu. Mwaka 1982 Charles Nelson na Charles Plosser walichunguza mifuatano 14 ya uchumi wa Marekani, miongoni mwake pato la taifa, bei na mishahara. Katika 13 hawakupata ushahidi wa kutosha wa kukanusha kwamba ni limbikizi. Uliosalia ni ule wa kiwango cha watu wasio na kazi. Maana yake ni kwamba mtafiti wa uchumi hukutana na mapipa ya namna hii mara nyingi.

Usanjari, na usanjari hewa

Vitu viwili vinapopanda pamoja na kushuka pamoja, wanatakwimu hupima ambatano hilo kwa namba iliyo kati ya -1 na +1. Kipimo kikikaribia +1, viwili hivyo huenda pamoja. Kikikaribia -1, kimoja hupanda kingine kinaposhuka. Kikiwa karibu na sifuri, hakuna ambatano la kunyooka. Waandishi wengine huita jambo hili uwiano. Taabu ni kwamba katika hisabati ya shule uwiano ni kulinganisha idadi mbili kwa kugawanya, kwa mfano uwiano wa walimu na wanafunzi. Wengine huita uhusiano, na neno hili lina uzito kupita kiasi, kwani wenye uhusiano wana jambo la kweli linalowaunganisha.

Twapendekeza usanjari. Vyombo vinavyokwenda sanjari hufuatana katika safari. Neno hilo halisemi kama vimefungwa pamoja, au kama nahodha mmoja anamfuata mwenzake, au kama vimekutana njiani tu. Lasema kile kilichoonekana, basi.

Uangalifu huo una sababu yake. Mwaka 1926 mtakwimu Mwingereza George Udny Yule alichapisha uchunguzi wa takwimu za kuanzia mwaka 1866 hadi 1911. Alilinganisha sehemu ya ndoa zote zilizofungwa katika Kanisa la Uingereza na kiwango cha vifo. Vyote viwili vilikuwa vikishuka, na kipimo cha usanjari kikatoka 0.95. Kwa mujibu wa namba hiyo pekee, ingepasa kusema kwamba ndoa za kanisani ziliua watu. Yule aliuita usanjari wa namna hiyo upuuzi, akaeleza kwamba chanzo chake ni kule kufuatana kwa takwimu kwa wakati.

Karibu miaka 50 baadaye Granger na mwenzake Paul Newbold walirudia jambo hilo kwa kompyuta. Katika makala yao ya mwaka 1974 waliunda jozi 100 za mwendo wa nasibu, kila mfuatano ukiwa na vipimo 50. Mifuatano ya kila jozi ilikuwa kama mapipa yetu mawili, kila moja na sarafu yake, pasipo uhusiano wowote. Kisha wakatumia jaribio la kawaida la takwimu ambalo hutarajiwa kukosea mara 5 tu katika 100. Lilikosea karibu robo tatu ya mara zote: lilidai kuna uhusiano mahali ambapo wao wenyewe walijua hakuna. Mwaka 1986 Peter Phillips alithibitisha kwa hisabati kwamba kuurefusha mfuatano hakuponyi ugonjwa huu, bali huuzidisha.

Kwa dhana hii Kiswahili cha ofisini kimetuandalia neno. Mwaka 2016, orodha za mishahara zilipohakikiwa nchini Tanzania, kila mtu alijua maana ya wafanyakazi hewa: majina yamo katika orodha, mishahara imelipwa, lakini watu hawapo. Vivyo hivyo usanjari hewa una namba yake katika jedwali, na jaribio limeupitisha, lakini uhusiano haupo. Huenda wako watakaosema kwamba neno hewa halina hadhi ya kitaaluma. Sisi twaona kwamba istilahi inayoeleweka mara moja na mkaguzi wa hesabu, mwalimu na mbunge imekwisha kutimiza nusu ya kazi yake.

Mfungamano

Baada ya onyo hilo watafiti wengi walichukua tahadhari kwa kuviacha viwango na kutumia mabadiliko tu, maana badiliko la mfuatano limbikizi aghalabu ni tulivu. Tahadhari hiyo ilikuwa na hasara yake. Mapato ya watu na matumizi yao ni viwango. Ukitazama mabadiliko peke yake, hutaweza kujua kama matumizi yameyapita mapato kwa kiasi kisichostahimilika.

David Hendry, mwanauchumi wa Uingereza, alimwambia Granger kwamba tofauti baina ya mifuatano miwili iliyo limbikizi yaweza kuwa tulivu. Granger alieleza katika hotuba yake ya Nobel kwamba alikataa, akakusudia kumthibitishia mwenzake kuwa amekosea; lakini katika kufanya hesabu hizo akathibitisha kwamba Hendry alisema kweli. Kutokana na ubishi huo ilikua nadharia ambayo Engle na Granger waliichapisha kwa ukamilifu mwaka 1987.

Tuifafanue kwa mfano wa baharini. Jahazi limekatika nanga, linapelekwa na upepo na mkondo. Hapana ajuaye litakuwa wapi kesho. Nyuma yake kuna mashua ndogo iliyofungwa kwa kamba. Mashua nayo haijulikani itakuwa wapi kesho. Lakini umbali uliopo baina ya jahazi na mashua hauwezi kupita urefu wa kamba: kila kamba inapokaza, mashua huvutwa. Mwendo wa kila chombo ni limbikizi. Umbali baina yao ni tulivu. Majahazi mawili yasiyofungwa huweza kwenda sanjari siku tatu, kisha yakaachana yasionane tena.

Hali ya jahazi na mashua twapendekeza iitwe mfungamano, na mifuatano yenye hali hiyo iitwe mifuatano iliyofungamana. Jaribio lake katika umbo rahisi ni hili: tafuta uhusiano wa viwango viwili, toa makadirio yake katika takwimu halisi, kisha uchunguze masalio. Masalio yakiwa tulivu, kamba ipo. Yakiwa limbikizi, huna haki ya kusema zaidi ya usanjari, nao huenda ukawa hewa. Katika makala ya 1987 Engle na Granger walipima takwimu za Marekani kwa njia hii. Walikuta kwamba mapato na matumizi ya watu yamefungamana, lakini hawakupata ushahidi wa mfungamano baina ya mishahara na bei. Tokeo hili la pili latufundisha jambo, kwani ndilo ambalo wengi wetu tungelichukulia kuwa dhahiri pasipo kupima.

Kule kuvutwa kwa mashua kamba inapokaza nako kuna istilahi yake. Kiingereza hutumia neno lenye maana ya kosa, na tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa "masahihisho ya makosa", kana kwamba mkokotoaji ameteleza. Hakuna aliyekosea. Viwili hivyo vimekengeuka kutoka katika msawazo wao, navyo hurejea. Twapendekeza urekebishaji mkengeuko.

Kubashiria na kusababisha

Imebaki dhana iliyo ngumu kupita zote, na ugumu wake umetokana na jina. Mwaka 1969 Granger alieleza namna ya kupima kama mfuatano mmoja una habari za kusaidia kubashiri mwingine. Tuseme tunataka kubashiri bei ya mahindi ya mwezi ujao. Kwanza tutumie bei za mahindi zilizopita peke yake. Kisha tuongeze takwimu za mvua zilizopita. Ikiwa ubashiri wa pili ni bora kuliko wa kwanza, mvua imekuwa na habari ambazo hazikuwamo katika historia ya bei. Granger aliliita jambo hili sababu, na tangu siku hiyo limebeba jina lake.

Mfasiri akiandika tu "mvua husababisha bei", katika mfano huu hatapata lawama kubwa, kwani sote twajua njia ya kutoka mvua hadi sokoni. Lakini kipimo chenyewe hakijui njia hiyo. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, na anayemsikiliza anaweza kubashiri kwamba kunakaribia kucha. Wahenga walikwisha kutuonya: jogoo awike asiwike, kutakucha. Kutangulia na kubashiri ni jambo moja; kusababisha ni jambo jingine. Granger mwenyewe alisema katika hotuba ya 2003 kwamba baada ya kipimo chake kuenea yalitokea maandishi mengi ya kuchekesha.

Hapa pana swali la haki ya mfasiri. Mwandishi alichagua neno sababu. Je, sisi tuna ruhusa ya kulibadili? Wako watakaosema kwamba uaminifu ni kuandika alichoandika. Sisi twaona kwamba katika maandishi ya kitaaluma mfasiri ana deni kwa dhana kabla ya kuwa na deni kwa neno. Msomaji wa Kiingereza aliyesomea takwimu amefundishwa kulipunguza uzito neno hilo kila anapoliona. Msomaji wa muhtasari wa Kiswahili hakufundishwa hivyo. Kwa hiyo twapendekeza ubashirio wa Granger kuwa jina la dhana, na kitenzi hubashiria mahali pa husababisha. Jina la asili litajwe mara moja, mwanzoni, ili anayetaka kufuatilia asipotee. Kitenzi kusababisha kiwekwe akiba kwa pale ambapo mtafiti ameonyesha njia, au amefanya jaribio la kugusa kimoja na kuona kingine kikibadilika.

Muhtasari wa istilahi zinazopendekezwa

1. Mfuatano wa wakati: vipimo vya kitu kimoja vilivyopangwa kwa kufuata wakati.
2. Kiwango: ukubwa wa kitu kwa wakati fulani. Badiliko: tofauti ya viwango viwili vinavyofuatana.
3. Mfuatano tulivu: unaotikisika lakini hurejea kwenye wastani wake.
4. Mwendo wa nasibu: mwenendo ambao kila hatua yake ni ya bahati.
5. Mfuatano limbikizi: ambao kiwango chake ni jumla ya mabadiliko yaliyopita.
6. Usanjari: kwenda pamoja kwa mifuatano, pasipo kudai sababu. Usanjari hewa: ule unaoonekana katika hesabu bila kuwapo uhusiano.
7. Mfungamano: hali ya mifuatano limbikizi ambayo mchanganyiko wake ni tulivu.
8. Urekebishaji mkengeuko: kurejea kwa mifuatano iliyofungamana kwenye msawazo wake.
9. Ubashirio wa Granger: kusaidia kwa historia ya mfuatano mmoja katika kubashiri mwingine.

Hitimisho

Istilahi hizi zimepangwa kama ngazi. Usanjari ndiyo daraja ya chini, mfungamano wadai zaidi, na kusababisha kwadai zaidi ya vyote. Ubashirio hukaa pembeni, kwani huweza kuwapo bila sababu. Tungewaomba walimu wazifundishe kwa pamoja, maana maana ya kila moja huonekana vizuri inaposimama karibu na mwenzake. Kwa wafasiri na watumishi wa serikali tuna ombi moja la kutenda: kabla ya kuandika kwamba jambo fulani limesababisha jingine, rudini katika ripoti ya asili mkaulize mtafiti amepanda hadi daraja gani. Ikiwa aliona vyombo viwili vikienda sanjari, andikeni hivyo, wala msimfungie kamba ambayo yeye hakuiona.